Magoti, Nyusi na Daftari: Jibu kwa Mwanafunzi Anayesoma Kampala

Swali

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 21, natoka Tanga, na niko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Kampala. Nilipoondoka nyumbani mama aliniambia, "Ukiwa kwa wenye chongo, fumba lako jicho," nami nilidhani sitakuwa na la kufumba, kwa sababu Uganda ni jirani. Sasa ni mwezi wa tatu na kila siku nakosea. Nikiwauliza wenzangu jambo, huinua nyusi tu bila kunijibu. Nikiwakuta wakifanya kazi nikawaambia "poleni", hunitazama kama mtu aliyewatakia mabaya. Wiki iliyopita binti wa mama mwenye nyumba wangu, mtoto wa miaka kama 11, aliniletea sahani ya matoke akapiga magoti mbele yangu. Nilishtuka, nikamshika mkono nikamwinua, nikamwambia asinipigie magoti kwa kuwa mimi si Mungu. Tangu siku hiyo mama yake ananijibu salamu kwa mkato. Nimekuwa nikiziandika tofauti hizi kwenye daftari, lakini mwenzangu wa darasani anayetoka Arua, ambaye anakisoma Kiswahili vizuri, aliliona akasema ninawaandika Waganda kama wanyama wa mbuga. Je, niache kuandika? Na yule mtoto akiniletea chakula tena, nifanye nini?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Mwezi wa tatu ndio unaowaelemea wanafunzi wengi, shamrashamra za kupokewa zikiwa zimekwisha na masikio yakiwa bado hayajazoea. Mimi nilivuka mpaka wa Mutukula kwa mara ya kwanza mwaka 1996, nikitokea Pangani, nikasoma hapa, nikabaki kufundisha Kiswahili, na kwa miaka mingi sasa wanafunzi kutoka Tanzania, pwani ya Kenya na mashariki ya Kongo wamekuwa wakija kukaa ofisini kwangu na kusema yale unayoyasema wewe. Nitakujibu kwa mapana, kwa kuwa mambo uliyoyataja naona yana mzizi mmoja.

Ulidhani hutakuwa na la kufumba kwa kuwa Uganda ni jirani, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mwanafunzi anayekwenda China au Urusi huandaliwa tangu nyumbani kuhusu baridi, chakula na lugha, na akifika huko, lolote asilolielewa huliweka katika fungu la ugeni. Wewe uliifuata njia ya zamani, ambayo vijana wa kwetu wamekuwa wakiipita tangu enzi za ukoloni. Julius Nyerere mwenyewe alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945. Ulipanda basi, ukapita Bukoba, ukavuka Mutukula, na saa yako ya mkononi haikuhitaji kurekebishwa. Hata hesabu ya saa ilikuwa ile ile, maana Muganda, yaani mtu wa Buganda, ufalme ambamo Kampala imo, naye akisema "ssaawa bbiri" za asubuhi ana maana ya saa mbili unayoijua. Ukafika mlangoni kwa watu, ukasikia wageni wakibisha "koodi" na kujibiwa "karibu", ukakuta mkeka umetandikwa na wenyewe wanauita omukeka. Yote hayo yaliiambia akili yako kwamba umefika nyumbani, nayo ikajilegeza. Basi siku mtu alipoinua nyusi badala ya kufungua mdomo, hukusema "labda ndiyo desturi yao". Ulisema "ananidharau". Tofauti ya mbali tunaiona kuwa ni tofauti, lakini tofauti ya jirani tunaiona kuwa ni ubaya wa mtu.

Hali uliyo nayo ina jina. Wataalamu huiita mshtuko wa utamaduni, na mtu aliyelieneza jina hilo, Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Kanada, alikuwa amefanya utafiti hapa hapa Uganda, katika ufalme wa Ankole, miaka ya 1930. Alilieleza wazo hilo mwaka 1954 katika mhadhara alioutoa Rio de Janeiro, nayo maandishi yake yakachapishwa mwaka 1960. Alisema kwamba mgeni huugua kwa sababu amepotewa na zile ishara ndogo ndogo zinazotuongoza kila siku bila sisi kuzifikiria: lini umpe mtu mkono, useme nini mkikutana, lini ukubali mwaliko na lini uukatae. Alitaja pia hatua, kuanzia furaha ya mwanzo, kisha uchungu, kisha nafuu, na mwisho kuzoea. Hatua hizo nimeziona kwa wanafunzi wangu, ila sijamwona hata mmoja aliyezipanda kama ngazi. Wengi hupanda na kushuka mara kadhaa ndani ya wiki moja, na wewe usijilaumu ukifanya hivyo. Lililo na manufaa zaidi kwako ni zile ishara ndogo, na naomba tuzichukue moja moja.

Nianze na mtoto. Katika Buganda, kupiga magoti, kwa Kiganda okufukamira, ndiyo salamu ya mtoto kwa mkubwa wake, na ya wanawake wengi kwa wazee, wakwe na wageni wa heshima. Busoga hufanya hivyo pia, na kaskazini kwa Waacholi utamwona mwanamke akipiga magoti anapoleta chakula. Mtoto yule hakukuabudu wala hakujidhalilisha. Alikuamkia. Hebu sasa fikiria uko Tanga, mtoto wa jirani anaingia uani, anakukuta umekaa, anasema "shikamoo", nawe unamjibu, "Usiniamkie, mimi si Mungu." Mama yake, aliyemfundisha neno hilo tangu hajaweza kulitamka sawasawa, amesimama mlangoni anakusikia. Atajisikiaje? Hivyo ndivyo alivyojisikia mama mwenye nyumba wako. Najua ulimwinua mtoto kwa huruma, lakini machoni pa mama yake ulikataa salamu, na ukamwonyesha mtoto, mbele ya mzazi wake, kwamba malezi aliyopewa ni makosa.

Tena tulitazame neno shikamoo lenyewe. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba asili yake ni "nashika miguu yako". Sisi tumebaki na neno, tendo tumeliacha. Mtoto wa Tanga husema kwa mdomo kwamba ameshika miguu ya mzee huku amesimama wima, pengine ana mpira kwapani na roho iko uwanjani. Mtoto wa Buganda hasemi lolote kuhusu miguu. Anashuka mwenyewe mpaka usawa wa miguu. Heshima ni moja, nasi tumeiweka ulimini, wao wakaiweka magotini. Nilipoliona hilo, baada ya mwaka mzima wa kukereka kila nilipopigiwa magoti, niliona aibu, kwa maana nilikuwa nimewahukumu watu kwa kutenda jambo ambalo mimi nilikuwa nikilisema kila asubuhi.

Usidhani kwamba wenyeji wote wana kauli moja juu ya magoti. Wapo wanawake wa hapa wanaolipinga jambo hili kwa hoja nzito, hasa linapomhusu mke kwa mumewe, na wapo wasichana ambao mjini hukunja goti kidogo tu, lakini wakifika kijijini kwa jjajja, yaani kwa bibi au babu, hushuka kikamilifu bila kuambiwa. Mjadala huo ni wao na wanauendesha wenyewe nyumbani, makanisani na kwenye redio. Mgeni wa miezi mitatu anayemshika mtoto mkono na kumwinua hajauingia mjadala huo. Ameuamua kabla ya kuwasikiliza wenyewe.

Sasa pole, na hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu katika mambo yote niliyojifunza Uganda hili ndilo lililo karibu zaidi na moyo wangu. Sisi tukimkuta mtu analima, anafua au anatwanga, tunamwambia "pole na kazi". Tunaitazama kazi kwa upande wa uchovu wake, na tunamliwaza anayeubeba. Muganda akimkuta mtu huyo huyo humwambia "gyebaleko", neno ambalo maana yake iko kati ya ahsante na hongera. Yeye anaitazama kazi kwa upande wa faida yake, na anashukuru hata kama faida hiyo haitamfikia. Siku moja nilikuwa nasubiri gari kando ya barabara ya Masaka, na mzee mmoja akapita mbele ya kijana aliyekuwa anachimba mtaro. Hawakuwa wanajuana. Mzee akapunguza mwendo, akasema, "Gyebaleko, ssebo." Kijana akaliegemeza jembe lake kwenye paja, akanyoosha mgongo, akajibu, "Kale, nawe gyebale," yaani haya, nawe ahsante kwa kazi, ingawa mzee hakuwa na kitu mkononi zaidi ya mwavuli. Kisha wakapokezana ile miguno ya Kiganda, huyu "mmm", yule "mmm", huyu "eee", sauti ikishuka kila mara, hadi mzee alipokuwa ameshapita kabisa. Kijana akainama akaendelea kuchimba. Sijawahi kusahau jinsi alivyoonekana kama mtu aliyelipwa.

Wenzako wengi wanalijua neno letu "pole", ila wanalijua kwa maana ya maumivu. Kiganda kina neno "bambi" kwa mtoto aliyejikwaa au mtu aliyechelewa gari, na kina "kitalo" kwa msiba. Kiswahili cha Tanzania kimeyakusanya yote, kazi, kujikwaa na kifo, kikayabebesha neno moja. Kwa hiyo unapomwambia "pole" mtu anayefagia ukumbi, anajiuliza ni lipi baya lililompata ambalo wewe umelijua kabla yake. Jaribu "gyebaleko" kwa wiki moja tu. Mwambie askari wa getini, mwambie fundi viatu, mwambie yule mama anayemenya matoke nje ya hosteli asubuhi, mikono yake ikiwa imeingia weusi wa utomvu. Na ukila kwa watu, mwambie mpishi "weebale okufumba", ahsante kwa kupika. Sisi tunashukuru kwa chakula. Wao wanaishukuru kazi iliyokileta.

Nyusi zina maelezo mafupi. Kuinua nyusi kwa haraka, bila sauti, huku macho yakikutazama kwa utulivu, ni "ndiyo", au wakati mwingine "nimekusikia". Kwetu nyusi zikipanda huwa ni swali au kejeli. Wenzako walikujibu kila mara. Wewe ulikuwa unaendelea kungoja jibu ambalo lilikwisha kutolewa.

Kuna jambo ambalo hukulitaja, lakini nina hakika limekuuma. Utakuwa umesikia mwenzako akisema kwa Kiswahili, "Nipe maji," au "Leta kalamu," bila "naomba" wala "tafadhali", ukamwona hana adabu. Kwa Kiganda, "mpa" ni nipe, na anayetaka kuomba kwa upole husema "mpaako". Ile "-ko" inayokaa mwishoni ndiyo inayolilainisha ombi, kana kwamba unasema nipe japo kidogo. Anapohamia Kiswahili hapati mahali pa kuibandika "-ko" yake, basi anaiacha, na ombi linakufikia limevuliwa nguo. Nawe ukimtafsiria "naomba" yako neno kwa neno, utaangukia kitenzi "okusaba", ambacho ni kuomba kwa uzito, hata kuomba katika sala, na atashangaa kwa nini chumvi tu inakunyenyekeza kiasi hicho. Nimewaona marafiki wawili wakikosana muhula mzima kwa sababu ya silabi moja ambayo hakuna aliyewaonyesha.

Maneno ya mkahawani na barabarani nitayapita upesi, maana yanajifunzika yenyewe. Posho hapa si fedha ya kikao. Ni ugali, na wengi wa wenzako wameula kwa maharage tangu shule ya msingi hadi wakauchoka. Takisi ni ile tunayoiita daladala, basi dogo jeupe lenye vijisanduku vya buluu ubavuni. Mkahawani utaulizwa kwanza kitoweo, enva, kisha vyakula vya kushibisha, ambavyo ndivyo hasa vinavyoitwa emmere, vinaweza kuletwa kadhaa katika sahani moja. Nazi usiitafute kwenye mchuzi; utapewa karanga za kusaga, na ukizizoea utazikumbuka ukirudi Tanga. Mwezi wa Novemba, ambao kwa Kiganda huitwa Musenene, utakaribishwa senene wa kukaanga, na rafiki yako akiwakataa usidhani anawaonea kinyaa, kwa kuwa huenda ni mtu wa ukoo wa Nsenene, na mtu hali mwiko wa ukoo wake.

Kanzu, hata hivyo, inastahili zaidi ya sentensi moja. Muhula wangu wa kwanza nilialikwa nyumbani kwa mwenzangu wa darasa, kwenye kwanjula ya dada yake, ile sherehe ambayo bwana harusi mtarajiwa hutambulishwa kwa wakwe. Nilikuta uwanja umejaa wanaume waliovaa kanzu nyeupe, kila mmoja na koti juu yake. Moyo wangu ukatulia, nikajua nimefika kwa Waislamu wenzangu, nikapita mstari mzima nikiwapa mkono na kuwasalimu "asalaam aleikum". Walinijibu kwa ukarimu. Dakika chache baadaye mchungaji wa Kianglikana, naye akiwa ndani ya kanzu, akasimama kufungua shughuli kwa sala. Kanzu ilifika Buganda pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani yetu, waliokuwa wamekwisha kuingia katika ikulu ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Suuna wa Pili miaka ya 1840, na ikulu ikaipokea, ikaitia nakshi ya rangi ya damu ya mzee kifuani, ikaifanya vazi la heshima la kila mwanamume wa Buganda, awe Mwislamu, Mkatoliki au Mwanglikana. Nilikuwa nimelitambua vazi lakini sikuwa nimewatambua waliolivaa. Tangu hapo, kila ninapokutana na kitu kinachofanana na cha kwetu hukitazama kwa makini zaidi kuliko kitu kigeni kabisa.

Kitu kimojawapo cha namna hiyo ni Kiswahili chenyewe, nacho utakibeba mdomoni kila uendako, kwa hiyo ni lazima ukijue kinasikikaje hapa. Kwetu Kiswahili ni lugha ya mama, ya redio na ya kubembeleza. Kampala ina wazee ambao walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani. Mwishoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipotaka kukikuza, Buganda na Kabaka wake Daudi Chwa walikipinga. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini ni wanajeshi wake waliokifanya kisikike kila mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukawa na misako ya kijeshi ambayo wakazi wa mji huu hadi leo wanaiita "panda gari", kwa sababu hayo ndiyo maneno waliyoamriwa walipokuwa wakipakiwa kwenye malori, na wengine hawakurudi. Mwanangu, maneno hayo mawili sisi tunamwambia mtoto anayekwenda shule. Mwanamke wa makamo akikunja uso unapomsemesha Kiswahili dukani, usimwone ana chuki na wewe. Huenda umemgusa mahali ambapo wewe hukuwepo. Anza na "wasuze otya, nnyabo", yaani umeamkaje, mama, ikiwa ni asubuhi, halafu umwachie yeye achague lugha. Upande wa pili wa jambo hili upo pia. Wapo wazee wa hapa ambao, wakisikia lafudhi yako, watawakumbuka askari wa Tanzania walioingia Kampala mwezi Aprili 1979, waliowaita bakombozi, na watakusimamisha barabarani kukuhadithia. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi wangu wa leo wanakipenda. Hata hivyo, lugha huingia masikioni pamoja na watu walioileta.

Sasa daftari. Usiache kuandika. Lakini mwenzako wa Arua alikuwa na haki ya kukasirika, na nitakueleza kwa nini. Kwanza ni lile neno "Waganda". Kiswahili kina upungufu hapa: tunasema Mganda kwa raia yeyote wa Uganda na pia kwa mtu wa Buganda, kwa sababu jina Uganda lenyewe ni matamshi ya Kiswahili ya Buganda. Ndiyo maana mimi huwaita watu wa Buganda "Baganda", ili nisimchanganye mtu. Katiba ya mwaka 1995 iliorodhesha jamii 56 za wenyeji wa nchi hii, na marekebisho ya 2005 yakafikisha 65. Mwenzako huyo anatoka West Nile, kaskazini-magharibi ya nchi, ambako Kiswahili hakina kidonda kile cha Kampala na watu hukizungumza sokoni bila wasiwasi. Alipokusoma ukiandika "Waganda wanafanya hivi", alijiona ametiwa katika kapu la desturi ambazo naye, kama wewe, alizikuta alipokuja mjini. Nenda Fort Portal uone: watakuuliza empaako yako, lile jina la heshima na mapenzi ambalo watu wa Tooro na Bunyoro huitana, Amooti, Akiiki, Adyeri na mengineyo, na ukisema huna watakuchagulia moja kabla chai haijapoa. Hilo Kampala hulikuti kwa Baganda.

Pili, na hili ni zito zaidi, ulikuwa unaandika hukumu ukidhani unaandika ulichokiona. Nina hakika kuna ukurasa wenye sentensi kama "Waganda hawapendi kujibu". Hiyo si habari ya nyusi. Ni habari ya hasira yako siku ile. Ungeandika hivi: "Jumanne, saa nne asubuhi, ukumbi wa mihadhara. Nilimuuliza aliyekaa kushoto kwangu kama mwalimu amefika. Aliinua nyusi. Nikangoja. Hakusema kitu. Baadaye nikamwona mwalimu ameketi mbele." Soma tena mistari hiyo na utaona kwamba jibu liko ndani yake, na ungeligundua mwenyewe bila kuniandikia. Chukua daftari lako, andika ukurasa wa kushoto tu. Weka siku, saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilisemwa, mikono ilikuwa wapi. Ukurasa wa kulia uache mtupu mpaka uwe umewauliza watu wawili au watatu wanaotoka sehemu tofauti, kisha andika walivyokuambia, hata kama hawapatani, na hasa kama hawapatani. Chini yake uandike kwetu tungefanyaje, na kwa nini. Hapo utakwama mara nyingi, kama mimi nilivyokwama. Kwa nini tunabisha hodi mara tatu, tusipojibiwa tunaondoka? Kwa nini hatupokei kitu kwa mkono wa kushoto? Nilihitaji kuja Uganda ndipo nimpigie marehemu mama yangu simu na kumuuliza mambo ya Pangani ambayo nilikuwa nimeyafanya maisha yangu yote.

Ukimaliza wiki, mketishe mwenzako wa Arua umsomee. Mstari wowote utakaoona haya kuusoma mbele yake, ujue una hukumu ndani yake, ukauandike upya.

Kuhusu methali ya mama yako, simpingi mzazi. Jicho lifumbe unapokuwa mbele ya watu, maana yake usikodoe, usikunje uso, usimwinue mtoto wa mtu. Usiku, mbele ya daftari, lifumbue.

Lililobaki ni mama mwenye nyumba. Nenda kwake jioni, wakati kazi za jikoni zimepungua. Nunua kilo ya sukari na mkate mmoja, kwa kuwa ndivyo watu wa hapa wanavyotembeleana. Bisha "koodi" na ungoje. Ukikaribishwa, vua viatu, kaa kwenye mkeka na si kwenye kiti, hata kama kiti kipo, na umpe zawadi yako kwa mikono miwili. Hulazimiki kupiga magoti, hakuna anayemtazamia mgeni afanye hivyo, lakini ukiwa umekaa chini tayari umeshuka vya kutosha. Mwambie "nsonyiwa, maama", yaani nisamehe, kisha umweleze kwa lugha yoyote mnayoelewana kwamba kwenu watoto huamkia kwa neno, na kwamba hukujua kuwa binti yake alikuwa anakuamkia. Mfundishe hilo neno. Nadhani atacheka, kisha atamwita mtoto aje alisikie.

Na siku mtoto akija tena na sahani, weka chini ulichoshika, inama hadi uso wako ukaribiane na wake, pokea kwa mikono miwili, umwambie "weebale nnyo". Usiwe na haraka ya kumwinua. Atainuka mwenyewe akishamaliza kukusalimu.